Theluji kwenye Ukuta wa Kibla

Jumanne, Mei 2, 1961

Feri imechelewa tena. Nusu saa tumesimama mvuani upande wa kisiwani, mimi na mwavuli wangu wenye mbavu mbili zilizovunjika, na bibi mmoja kanisukumia kapu la samaki mgongoni. Kazini kutwa nzima kuhesabu makasha ya sahani yanayoshuka melini. Matatu yamevunjika. Kila mtu anasema si yeye. Nimefika nyumbani Likoni nimelowa mpaka soksi.

Lakini picha iko ukutani. Nimeitazama kabla ya kuvua viatu.

Niandike habari yake. Ni ya Bwana Mori, ofisa wa meli ya Kijapani. Kila meli yake ikifunga Kilindini tunahesabu shehena pamoja, yeye na daftari lake, mimi na langu. Mwaka wa nne huu, na hatujagombana hata kwa kasha moja. Wiki iliyopita alinijia na kitu bapa katikati ya kadibodi mbili, kimefungwa utepe. Chumba chake melini kinavuja. Meli inakwenda kusini, itarudi baada ya wiki sita. Je, nitamwekea? Nyumba ya wazazi wake iliungua wakati wa vita na kila kilichokuwamo. Picha hii ilipona kwa sababu alikuwa nayo yeye safarini. Akaniomba niilaze mahali pakavu, ndani ya kadibodi zake, nisiifungue.

Nimeifungua. Nani asingeifungua? Imechongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi, ukapigwa juu ya karatasi. Daraja dogo la mbao. Mwanamke kainamisha mwavuli, shingoni kajitanda kitambaa chekundu. Nyuma yake mwanamume kabeba kuni, kavaa koti la majani makavu, utadhani kajiezeka makuti. Mbingu buluu iliyokolea. Daraja, paa, matawi, yote yamefunikwa nyeupe. Na ile nyeupe si rangi. Ni karatasi yenyewe, fundi kaiacha bila kuigusa. Nilisogeza pua ndipo nikajua.

Nimeibandika sebuleni kwa pini nne za ofisini, pambizoni tu. Ukuta wa kaskazini, wa kibla, kwa kuwa ndio pekee usiotoa jasho masika haya. Picha ni ya kutazamwa. Ikilala kwenye kadibodi ina faida gani?

Magharibi Mama kaacha mahali pake sebuleni, kaswali ukumbini, karibu na mlango wa jikoni.

Alhamisi, Mei 4

Nyumba imegeuka gulio. Sijui nani kapeleka habari. Najua. Mimi.

Mzee Kombo wa nyumba ya pili kaja, kakaa, kanywa kahawa tatu, kisha kaamua kwamba ile nyeupe ni chumvi. Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ujanani na kila kitu kwake ni chumvi. Mke wangu Fatuma anasema ni sufi, matunda ya msufi yamepasuka upepo ukaitawanya. Okelo, karani wa reli, mpangaji wetu wa chumba cha uani, kasema ni theluji, kaiona kwa macho yake juu ya Mlima Kenya, akiwa kwenye lori. Mzee Kombo akamuuliza kama aliishika. Hakuishika. "Basi umejuaje si chumvi?" Saa nzima hiyo! Na kila anayesema huinuka kuonyesha kwa kidole, na vidole vina mafuta ya bajia. Nikawa nasimama kati yao na ukuta, nikikinga kwa mgongo.

Mwisho sauti ya Mama ikatoka ukumbini: "Hiyo ndiyo thalji. Tunayomuombea maiti aoshwe nayo." Basi. Miaka yote wanaume hawa wanaswalia maiti, wanalitamka neno hilo kwa Kiarabu, na hakuna aliyelikumbuka ila mwanamke ambaye haendi makaburini.

Baadaye nilimwona Mama mlangoni, mkono kwenye mwimo, anaitazama. Kaitazama kitambo. Aliponiona akageuka.

Jumamosi, Mei 6

Mama kasema. Nilijua atasema.

"Ondoa dude hilo, mwanangu. Nikiswali mahali pangu nasujudu mbele ya watu wawili nisiowajua."

Nikamweleza. Kuta nyingine zinatoka maji. Chumba chetu kinavuja juu ya kitanda. Chumba chake ni giza na kina nondo. Nikamweleza na habari ya fundi aliyechonga, na karatasi iliyoachwa, na kwamba hawa si masanamu, ni watu wanavuka daraja kwenda zao. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza: ni yako? Nikasema ni amana. Akasema, "Amana haitundikwi. Amana hufungwa." Akaenda kuchambua mchele.

Nimeudhika siku nzima. Mtu wa miaka arubaini na sita, karani wa bandari, nafundishwa amana na mtu asiyejua hata Ujapani uko wapi. Picha inabaki.

Jumatano, Mei 10

Mvua. Mama anaswali barazani sasa. Ukumbini kasema anapitiwa na moshi wa jikoni. Barazani anapigwa na manyunyu na majirani wote wanamwona, mkeka nusu umelowa. Fatuma haniongeleshi. Ananiwekea sahani na kuondoka.

Nimemwambia Mama aingie ndani, nitaifunika picha kwa leso kila wakati wa swala. Kajibu mimi huwa kazini adhuhuri na alasiri, nani atafunika? Nikasema Fatuma. Fatuma kasema yeye hagusi mali ya watu.

Wanawake hawa wamepanga. Wallahi wamepanga.

Ijumaa, Mei 12

Baada ya swala watu saba sebuleni. Walikuja kuona theluji, wakaishia kwenye siasa ya mwambao. Mmoja anataka mwambao ubaki wa Sultani, mwingine anataka Kenya moja, Okelo kakaa kimya kwa sababu ni mtu wa bara na anajua likimtoka neno tu litabebwa. Mzee Kombo kapiga meza, kahawa ikaruka. Tone moja limefika ukutani, shibiri mbili tu chini ya picha.

Nikawafukuza wote, kwa adabu. Mzee Kombo kanuna.

Ningeishusha leo. Mkono ulikuwa tayari umeshika pini. Lakini nikiishusha leo Mama atasema alisema.

Jumatatu, Mei 15

Niandike ilivyokuwa.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja. Mama yuko sebuleni, juu ya mkeka wake, anavuta tasbihi, uso umetulia. Nikafurahi, nikasema amekubali. Kisha nikatazama juu.

Mistari miwili ya wino wa buluu. Mmoja umepita kwenye shingo ya mwanamke, juu ya kile kitambaa chekundu. Mwingine kwenye shingo ya mwanamume. Myembamba kama uzi. Imenyooka. Katumia kalamu yangu na rula yangu!

Hakujificha. Kasema sanamu iliyokatwa shingo haina roho tena, ni kama mti, mtu anaweza kuswali mbele yake. Ndivyo alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani na mwalimu wake. "Sikuipasua. Sikuichoma. Mali ya watu. Nimeitoa roho tu, nipate mahali pangu."

Nilimpigia kelele. Mama yangu. Mlango uko wazi, watu wanapita. Maneno mengi, moja nitaliandika ili nisijidanganye baadaye: nilimwita mjinga. Kakunja mkeka, kaingia chumbani mwake, kafunga mlango polepole. Fatuma alisimama jikoni na mwiko mkononi, ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nina haki ya kukasirika. Nina haki.

Jumanne, Mei 16

Nimefanya jambo la kipumbavu kuliko yote.

Ofisini tuna chupa mbili ndogo za dawa ya kufutia wino. Kosa likiingia kwenye hati unatia tone la chupa ya kwanza, kisha la pili, unakausha, neno limekwenda. Nimefanya hivyo mara mia. Nimezitia chupa mfukoni, nimekuja nazo nyumbani, nimeishusha picha, nimeilaza mezani, Fatuma yuko kwa dada yake na Mama kalala. Tone la kwanza. Tone la pili. Wino ukatoka. Nikashangilia peke yangu.

Kisha rangi nayo ikatoka. Kitambaa chekundu kikawa cha waridi, kikawa manjano, kikawa hakuna. Nikakausha haraka, nikaieneza dawa zaidi. Nikasema ule wa mwanamume nitaufanya kwa uangalifu zaidi. Uangalifu! Buluu ya mbingu imekwenda pamoja na bega lake. Sasa kuna mabaka mawili meupe, kila moja upana wa kidole gumba. Ukiwa mbali unaweza kudhani theluji imewaangukia. Ukisogea, karatasi imekauka vibaya, imefanya vinyweleo.

Mistari ya Mama ilikuwa uzi. Mtu angeweza asiione.

Nimeirudisha ndani ya kadibodi zake. Nimefunga utepe. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, Mei 18

Ukuta mtupu. Mama kauliza picha iko wapi. Nikasema nimeifunga. Kasema ndivyo ilivyotakiwa. Kisha kasema yeye ndiye aliyeiharibu mali ya mtu na yeye ndiye atakayemwomba radhi mwenyewe. Nimpeleke siku meli ikifika.

Nikasema wanawake hawaruhusiwi kuingia gatini, meli zinakofunga. Kasema atasimama nje ya lango. Nikasema mvua. Kasema masika yatakuwa yamekwisha. Nikasema Mjapani hajui Kiswahili. "Weye si unajua Kizungu? Utanisemea."

Sikumwambia. Nilifungua kinywa, nikaomba chai.

Ijumaa, Mei 26

Mama anamshonea kofia.

Nimeuliza ni ya nani, kasema ya yule mwenye picha, mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Kofia ya viua, vile vitundu vya kudarizi, sindano kwa sindano, na macho yake yale! Anakaa mlangoni penye mwanga, anakishika kitambaa karibu kigusane na pua. Jana alijichoma kidole mara nne. Fatuma anamtungia uzi. Mama ananiuliza kichwa cha Bwana Mori ni kikubwa kiasi gani. Mimi nitajua wapi? Nimehesabu makasha naye, sikumpima kichwa. Kanipima mimi, kasema atapunguza kidogo kwa kuwa watu wa huko, kasikia, ni wadogo.

Mzee Kombo kapita, kaona, kacheka mpaka kukohoa. Nilitaka kumtupia kiatu.

Kila nikiingia nyumbani ananionyesha amefika wapi. Namwambia nzuri, Mama. Inanichoma.

Jumapili, Juni 4

Mama ananifanyisha mazoezi ya kumsemea. Anasema maneno yake, nami niyarudie nisije nikaruka hata moja. Kwamba yeye ni mjane, hakusoma skuli, alisoma chuoni. Kwamba hakufanya kwa chuki. Kwamba aliipenda ile picha, hasa yule mwanamke anavyoinamisha mwavuli, lakini mahali pake hapakuwa pale. Kwamba mikono yake ndiyo iliyokosa na anaomba asamehewe duniani kabla ya akhera.

"Aliipenda." Hakuwahi kuniambia.

Nimeudhika na mvua, na Mori aliyeniamini, na chumba chake kinachovuja, na yule aliyetengeneza dawa ya wino. Nimetafuta wa kumlaumu mpaka nimechoka. Matundu ya pini pia yapo, manne, moja kila pembe. Sikuyafikiria mpaka leo.

Jumanne, Juni 13

Meli imeingia asubuhi. Nilimwona Mori kwa mbali juu ya staha, kaniinulia mkono. Nikainua daftari. Nikajitia kazi upande mwingine wa bohari mpaka jua likazama.

Ningeweza kumpelekea kadibodi zikiwa zimefungwa, nimpe, aondoke, afungue baharini. Nimeliwaza hilo. Naliandika.

Nyumbani Mama keshafua buibui lake jeusi zuri. Limeanikwa uani. Kofia imekwisha, imepigwa pasi, imefungwa kwenye karatasi ya chai.

Alhamisi, Juni 15

Tumekwenda. Mama hajavuka feri tangu mwaka juzi. Kashika mkono wangu njia nzima, kadibodi nimezibana kwapani. Mori katoka langoni saa sita na nusu, kavaa shati lake jeupe. Kamwona Mama, kavua kofia yake ya kazi.

Mama hakungoja. Kaanza kusema, anamtazama machoni, na Mama si mtu wa kutazama wanaume machoni. Kasema yote. Ujane, chuo, mwavuli, shingo, mikono yake, akhera. Kasema taratibu, anasimama kidogo kila penye nukta ili nipate nafasi. Nami sikusema kitu mpaka akamaliza.

Kisha nikasema kwa Kiingereza: Mama yangu anakusalimu. Picha nimeiharibu mimi. Niliitundika ulipokataza. Ilipotiwa wino kidogo niliimwagia dawa ya ofisini. Yeye hajui.

Hayo tu.

Mori kafungua utepe pale pale, kasogea kwenye kivuli cha ukuta. Katazama. Kainua karatasi kwenye mwanga, kaona na matundu ya pini. Kidole chake kilikwenda mpaka karibu na shingo ya yule mwanamke kikasimama, hakikugusa. Nilingoja aseme. Heri angenitukana, nimezoea matusi ya gatini. Kauliza jambo moja tu: dawa gani? Nikamtajia. Kaitikia kwa kichwa, kama anavyofanya ninapomtajia kasha lililovunjika naye akaandika.

Mama katoa kofia. Mori kaivaa. Ni ndogo, imekaa utosini. Mama kaniambia niivute kidogo mbele, yeye hawezi kumgusa mwanamume wa watu. Nikaivuta. Tukasimama hivyo, mikono yangu juu ya kichwa cha mtu niliyemharibia kitu pekee kilichosalia kwao. Kisha Mori akamwinamia Mama, chini kabisa, kakaa hivyo kwa muda. Mama kasema, "Ahsanta, mwanangu. Mungu akuweke."

Mimi kanipa mkono. Kila safari huniambia tutaonana safari ijayo. Leo hakusema.

Ndani ya feri Mama kashika mkono wangu tena mpaka katikati ya maji. Kisha:

"Mimi nimesema maneno mengi. Yako yalikuwa haba. Mangine uliyatia wapi?"

Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha fupi. Kageuza uso, katazama Likoni inavyosogea.

Ijumaa, Juni 16

Nimerudi kutoka msikitini. Jua kali, kuta zote zimekauka.

Nimemwambia Mama. Nilikaa chini, juu ya sakafu, yeye kwenye kigoda chake. Nilimweleza chupa ya kwanza na chupa ya pili. Mabaka. Siku zote alizoshona, nami najua kosa ni langu. Niliyoyasema langoni na niliyoyaacha. Nilipomaliza aliuliza mistari yake ilitoka yote? Nikasema ilitoka. Akauliza ingalikuwa ikionekana, kama ningaliiacha? Nikasema kidogo sana, Mama. Kama uzi.

"Na mimi ukaniita mjinga."

"Ndiyo, Mama."

Kanyoosha leso yake magotini. Nikamwomba radhi. Nikaishika miguu yake kabisa, hakuivuta.

"Utaipata," kasema. "Lakini si leo."

Kainuka kuswali alasiri. Sebuleni, mahali pake. Mimi nimekaa ukumbini kwenye moshi wa jikoni, nangoja amalize. Dua yake ilikuwa ndefu. Kamwombea marehemu baba. Kawaombea ndugu zangu mmoja mmoja, na Fatuma, na Okelo apate cheo, na Mzee Kombo kifua chake kipone. Kamwombea na yule mwenye picha, afike kwao salama. Jina langu nililitegea sikio mpaka mwisho. Sikulisikia.